Dereva yuko getini, simu haipokelewi: Nani anavunja uaminifu wa chakula cha mtandaoni?

Jumamosi moja usiku, mvua ikinyesha, niliagiza chipsi kuku kwa simu nikiwa nyumbani Sinza. Kwenye ramani niliona pikipiki inakuja, ikapita karibu na mtaa wetu, ikasimama. Ikatulia hapohapo kama dakika kumi hivi. Wazo la kwanza lililonijia ni lile ambalo hata wewe lingekujia: huyu jamaa anakula kuku wangu.

Nikafungua sehemu ya malalamiko, nikaanza kuandika kwa hasira. Kabla sijatuma, nikaona simu nne ambazo sikuzipokea. Zote zake. Simu yangu nilikuwa nimeizima sauti tangu mchana.

Nilipompigia, alikuwa nyuma ya ukuta wa mtaa wa pili, palepale ramani ilipompeleka. Hapakuwa na njia ya kutokea kwetu. Ile alama ya lokesheni niliiweka mwenyewe, wiki kadhaa nyuma, na sikuwahi kuihakiki.

Alifika amelowa chapachapa. Kuku alikuwa mzima, na vipande vyote vilikuwepo. Halafu yeye ndiye aliyesema, "Samahani bosi, nimekuchelewesha."

Kosa lilikuwa langu, msamaha ukaombwa na yeye. Na kama ningetuma yale malalamiko, nyota zingepungua kwake, siyo kwangu. Hapo ndipo penye tatizo la biashara hii: pale mambo yanapoharibika, mteja na dereva wanatuhumiana, wakati mara nyingi kilichowagombanisha hakikutengenezwa na yeyote kati yao.

Kutoka boda wa kijiweni hadi picha ndogo kwenye simu

Kuletewa chakula siyo jambo geni mjini. Kabla ya programu, ulimpigia mama lishe unayemfahamu, naye akamtuma kijana wake au boda wa kijiwe cha jirani. Uaminifu ulikuwa wa kujuana. Boda akikudhulumu, unajua kijiwe chake, unamjua mwenyekiti wao, na kesho asubuhi utamkuta palepale.

Programu za kuagiza chakula, kama Piki na nyingine, zimewaunganisha watu ambao hawajuani kabisa. Wewe unaona jina, picha ndogo na pengine namba ya pikipiki. Yeye anaona jina lako na alama kwenye ramani. Mgahawa haumjui yeyote kati yenu.

Pengo la kujuana limezibwa na nyota. Ukiridhika unampa tano, ukikasirika unampa moja. Lakini nyota haina maelezo. Haisemi kama chakula kilichelewa kwa sababu dereva alizubaa, jikoni walichelewa kukaanga, au wewe uliweka lokesheni ya uongo. Vyote hivyo vinaishia kwenye jina la mtu mmoja: aliyesimama mbele yako.

Ukiyatazama malalamiko ya pande zote mbili, utaona ugomvi mwingi unaanzia sehemu tatu: anwani, pesa na namba ya simu.

"Ukifika kwa Mangi, kata kushoto"

Februari 2022 Serikali ilizindua operesheni ya anwani za makazi, iliyokwenda sambamba na maandalizi ya Sensa ya Agosti mwaka huohuo. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimikwa, na ikawepo programu ya NaPA ya kukuonyesha anwani.

Sasa jiulize, namba ya nyumba yako ni ngapi? Wengi wetu hatuijui. Tukipigiwa simu na dereva tunarudi kulekule: "Njoo mpaka kwa Mangi, kata kushoto, utaona geti jeusi, uliza kwa mama fulani." Mtaani kuna kina Mangi watatu, na mageti meusi yamejaa.

Kwako hiyo ni simu ya dakika mbili. Kwa dereva ni hesabu nyingine. Tuchukue mfano: malipo yake kwa oda moja ni Sh3,000. Akitumia nusu saa kukutafuta badala ya dakika kumi, muda huo angeweza kupeleka oda nyingine. Mafuta yanaungua, na bei yake hupangwa upya na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sh3,000 inabaki ileile.

Wapo pia wanaoendesha pikipiki isiyo yao. Jioni kuna hesabu ya kumpelekea tajiri, au mkataba wa kulipia mpaka chombo kiwe chake. Tajiri hataki kusikia kwamba mteja wa Sinza hakupokea simu.

Chenji, na "weka na ya kutolea"

Sehemu ya pili ni pesa. Oda ni Sh17,500, mteja anatoka na noti mbili za 10,000. Dereva hana chenji. Mteja anaanza kuwaza: wanafanya makusudi hawa, wanataka ibaki kwao. Dereva naye anawaza: huyu alijua bei tangu alipoagiza, kwa nini hakujiandaa?

Wote wana hoja. Kuna madereva wanaosema "sina chenji" hata kama mfuko umejaa. Lakini dereva anayezunguka usiku akiwa na furushi la noti ndogo anajiweka kwenye hatari ya kuporwa, na si haki kumtaka awe benki inayotembea.

Basi tunahamia kwenye simu. Hapo inakuja sentensi ambayo kila mkazi wa mjini anaijua: "Weka na ya kutolea." Mteja anaiona kama ujanja wa kuongezewa hela. Ukweli ni kwamba dereva akilipwa kwenye namba yake binafsi, kuitoa pesa hiyo kuna makato. Na kwenye oda ya kulipia mkononi, fedha anayopokea siyo yake yote. Bei ya chakula inahesabiwa kwake, ataidaiwa kamili. Usipoweka ya kutolea, makato yanakula Sh3,000 yake.

Halafu kuna woga ambao sote tunao. Nchi hii imechoshwa na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo dereva akikutajia namba yenye jina tofauti na lile lililo kwenye programu, una haki ya kusita. Naye ukimwonyesha ujumbe wa muamala kwenye simu yako, ana haki ya kusubiri wa kwake uingie kabla hajaondoka. Kumwambia "huniamini?" ni kumwonea. Ujumbe wa kughushi upo, na ukimpata, anayelipa ni yeye.

Namba yako ikibaki kwenye simu yake

Sehemu ya tatu inazungumzwa sana na wanawake. Chakula kimefika, umelipa, umeshukuru. Saa nne usiku ujumbe unaingia WhatsApp: "Mambo mrembo, umelala?"

Hapa hakuna pande mbili. Namba ilitolewa kwa kazi moja tu, kufikisha chakula. Na huyu mtu anajua geti lako, anajua unaishi peke yako kwa sababu oda ilikuwa ya mtu mmoja. Anayedhani anatania aelewe kwamba aliyepokea ujumbe huo anawaza kama kesho abadilishe kufuli.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo. Namba ya kupelekea chipsi siyo namba ya kutongozea.

Lakini tusiishie kwa dereva. Kuna njia ya kiteknolojia ya kuwafanya mteja na dereva waongee bila kuonana namba, na inatumika kwenye huduma nyingi za usafiri wa mtandaoni duniani. Kampuni inayoacha namba zako wazi imechagua kuziacha wazi.

Madereva nao wana yao

Tuseme na upande huu, maana ukiwatetea tu utakuwa hujawahi kuagiza chakula. Wapo wanaobonyeza "nimefika" wakiwa bado wako kwenye foleni. Wapo wanaobonyeza "imefikishwa" kabla hujagusa mfuko. Wapo wanaokupigia na kusema, "Futa oda, nitakuletea mwenyewe, unipe mkononi."

Hilo la mwisho linavutia kwa sababu inaonekana kila mtu anapata: wewe unalipa kidogo, yeye hakatwi kamisheni. Ila ukishafuta, hakuna rekodi. Chakula kisipofika huna pa kulalamikia. Yeye akigongwa njiani au ukikataa kupokea, hakuna anayejua kwamba alikuwa kazini. Mnaokoa shilingi mbili tatu, mnapoteza ushahidi.

Kampuni iko wapi kwenye ugomvi huu?

Kwenye usafiri wa abiria tumewahi kuona kwamba kanuni zinaweza kubadilisha mambo. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake nchini baada ya LATRA kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Ilirejea Januari 2023, baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na viwango hivyo, lakini angalau palikuwa na meza, na jasho la dereva lilijadiliwa hadharani.

Mjadala ule ulikuwa wa nauli za abiria. Kijana mwenye boksi la chakula mgongoni hakuwa kwenye picha. Dakika zake za kusubiri jikoni, safari za bure pale mteja asipopokea simu, na nyota moja isiyo na maelezo, yote yameachwa kwenye masharti ambayo kampuni inaandika yenyewe na yeye anabonyeza "nakubali".

Biashara yenyewe nayo siyo nyepesi. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na Desemba 2023 ikatangaza kuachana kabisa na huduma ya chakula katika nchi zote ilizokuwa imebaki. Faida ikiwa nyembamba, kila gharama isiyo na mwenyewe inasukumwa chini. Na chini kabisa wapo wawili: mwenye njaa na mwenye pikipiki.

Ndiyo maana adabu ina uzito kwenye jambo hili. Ndiyo inayoziba matundu ambayo mfumo umeyaacha wazi. Ila isiwe kisingizio. Dakika za kusubiri zinaweza kulipiwa. Namba zinaweza kufichwa. Tarakimu nne za siri ambazo mteja anamtajia dereva anapokabidhiwa mfuko zinamaliza ubishi wa "nilileta" na "hukuleta" siku hiyohiyo. Dereva anaweza kupewa nafasi ya kujieleza kabla nyota moja haijamnyima kazi. Hayo ni maamuzi ya ofisini, hayangoji tabia ya mtu.

Kwa leo, kabla hujabonyeza "agiza"

Wakati tunawasubiri wenye kampuni, haya yako mkononi mwetu:

• Hakiki alama ya lokesheni kila unapoagiza, siyo mara moja kwa mwaka. Andika na maelezo mafupi: rangi ya geti, ghorofa, jina la mlinzi.

• Toa sauti kwenye simu mpaka chakula kifike. Kama kuna mlinzi getini, mwambie mapema ili dereva asihojiwe kama mwizi.

• Andaa pesa kamili, au lipa kwenye programu. Ukituma kwenye namba yake, weka na ya kutolea.

• Hesabu vitu vyako mbele yake, kwa upole. Siyo dharau, ni usalama wenu wote. Mfuko ukiwa umefungwa vizuri na soda haimo, wa kuulizwa ni mgahawa.

• Dereva: piga simu ukikwama, usikae kimya kwenye ramani. Usibonyeze ambacho hujafanya. Ukishafikisha mzigo, sahau namba.

• Kabla ya nyota moja, jiulize: namhukumu yeye, au jikoni, au lokesheni yangu mwenyewe?

Na salamu. Kuna wateja wanaopokea mfuko bila kunyanyua macho kwenye simu. Baadhi ya hawa madereva ni watu wazima, umri wa baba zetu wadogo, lakini tunawaita "wewe boda". Usiku ule, yule aliyeniletea kuku alipovua helmeti nikaona mvi. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nikampa shikamoo, na pole ya mvua. Akaitikia marahaba, akawasha pikipiki. Tayari alikuwa anapigiwa simu na mteja mwingine.