BODI YA VIWANDA VYA CHAI: NANI BWANA, NANI MTUMISHI?



Mwaka 1988 Wakenya walipangwa foleni ili kuchagua wabunge. Penye mstari mrefu pakatangazwa mshindi wa mstari mfupi. Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake ya Mlima Kenya Mashariki ilijumuisha Embu na Meru, aliukemea mlolongo huo mimbarani wakati wengi walikuwa wameufyata. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Sisi tunauliza: je, mageuzi hayo yamewahi kuvuka lango la kiwanda cha chai?

Mkulima wa Githongo, Kionyo au Kinoro, na mwenzake wa Mungania, Rukuriri au Kathangariri, ana hisa katika kampuni ya kiwanda chake. Kampuni za viwanda nazo ndizo wenye hisa wa KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na kutolewa mikononi mwa serikali mwaka 2000. Kwenye karatasi, basi, mchuma majani ni bwana na KTDA ni wakala wake. Kwa vitendo, wakala ndiye huendesha kiwanda, na kampuni zake tanzu hufanya biashara na kiwanda hicho hicho: Majani ni dalali wa bima, Greenland Fedha hukopesha, TEMEC hushughulikia mitambo, Chai Trading hufanya biashara ya chai.

Wakurugenzi wa viwanda ndio humtoa mmoja wao akakae katika bodi ya juu. Asubuhi huyo huketi upande wa mnunuzi, alasiri upande wa muuzaji. Ni nani basi atakayeuliza bei?

Tunaambiwa kwamba faida ya kampuni hizo humrudia mkulima. Huenda. Lakini bei ambayo haijapimwa na mtu asiye na maslahi haiwezi kuitwa haki, hata ikiwa ni ya haki.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 144, inamtaka mkurugenzi atumie uamuzi wake mwenyewe. Kifungu cha 146 kinamtaka aepuke mgongano wa maslahi. Kwa kampuni zilizo katika soko la hisa, kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka 2015 zinataka angalau theluthi moja ya bodi iwe wakurugenzi huru. Viwanda vyetu havimo sokoni, hivyo kanuni hizo haziwafungi. Wala kanuni peke yake si dawa: Mumias iliingia sokoni mwaka 2001 na kuishia mikononi mwa mrasimu mwaka 2019. Bodi isiyouliza huzika kampuni hata penye kanuni.

Sheria ya Chai ilitiwa sahihi Desemba 2020, na baadhi ya vifungu vyake vikapingwa mahakamani. Juni 2021 bodi ya zamani ya KTDA iliondoka, mpya ikaingia. Wengi walishangilia. Sisi tulikumbuka mwaka 1992, tulipojifunza kwamba kuandikisha vyama si kuondoa udhalimu. Kubadilisha aliyekalia kiti si kubadilisha kiti.

Wakristo wanaikumbuka habari ya Nabothi. Shamba lake halikuchukuliwa na mfalme peke yake. Lilichukuliwa kwa mikono ya wazee wa mji, waliopokea barua yenye muhuri wa mfalme wakatenda walivyoagizwa. Hiyo ndiyo bodi isiyo huru.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba atangaze, kisha atoke chumbani kabla ya uamuzi.
2. Theluthi moja ya kila bodi iwe watu huru, wasio waajiriwa wala wauzaji wa wakala.
3. Katibu wa kampuni na mkaguzi wa hesabu wawajibike kwa wenye hisa, si kwa wakala.
4. Hesabu, pamoja na ada ya usimamizi, zisomwe kwa Kimeru na Kiembu kabla ya mkutano mkuu.

Kanisa nalo lisikwepe. Ni mara ngapi mkurugenzi ameketishwa kiti cha mbele siku ya harambee, bahasha yake ikapigiwa makofi, na hakuna aliyemuuliza kuhusu bonasi? Ndugu, mkutano mkuu ujao msiende kula chakula cha mchana na kupokea nauli. Nendeni na maswali yaliyoandikwa, na mdai yaingizwe katika kumbukumbu. Mwenye mali asiyeuliza habari ya mali yake amekwisha kuigawa.