Jezi Bila Sharti

Mwandishi wa makala anayetumia filamu ya The Grizzlies (2018) kudai kwamba vijana wa Manyatta, Embu, wanahitaji mpira tu, ameitazama nusu. Kule Kugluktuk inakosimuliwa filamu hiyo, kwa Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, mchezo wa lakrosi ulikuja na sharti: asiyehudhuria darasa hachezi. Mwandishi huyo atajibu kwamba mpira hupatikana upesi kuliko sera. Kweli, ndiyo maana wanasiasa wetu hupenda kugawa jezi kura zikikaribia. Hata Uwanja wa Moi, Embu, uliandaa sherehe ya Madaraka ya 2023. Lakini sherehe ni ya siku moja. Kijana wa Ngandori aliyemaliza kidato cha nne bila karo ya chuo, akabaki kijiweni na muguka, anahitaji kocha atakayerudi Jumatatu, na fundi atakayempokea kama mwanagenzi. Mambo hayo, makala yake hayakuyagusa.