Alama ya Mazoezi si Hukumu

Kijana niliyemfundisha shahada ya kwanza amenieleza kwamba haombi tena nafasi ya uzamili Marekani. Alifanya jaribio moja la GRE, akapata 148 katika hisabati, na mwenye kituo cha masomo ya ziada akamwambia kuwa asiyefikisha 160 asijisumbue, labda alipie kozi ya miezi mitatu. Nasema wazi: bwana yule hakuwa anasoma alama, alikuwa anauza hofu.

Tuanze na kipimo chenyewe. Sehemu ya lugha na ile ya hisabati kila moja hupewa alama kuanzia 130 hadi 170. Aliyepata 148 leo na 150 wiki ijayo huenda hajapiga hatua yoyote, kwa kuwa hakuna kipimo kisicho na kosa lake. ETS, taasisi inayoutunga mtihani huo, inalikiri jambo hilo. Tena, katika kompyuta, ugumu wa awamu ya pili ya maswali hutegemea ulivyojibu awamu ya kwanza. Karatasi zilizodurufiwa haziwezi kufanya hivyo, kwa hiyo alama zake ni makadirio tu. Na anayerudia jaribio lilelile mara tatu ili afurahie kupanda, hapimi tena maarifa bali kumbukumbu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Anayetaka kujua alipo atumie majaribio ya bure ya POWERPREP yanayotolewa na ETS. Akae mfululizo kwa muda wa mtihani wenyewe, ambao tangu Septemba 2023 hauzidi saa mbili, na simu aiweke mbali. Akimaliza, asikimbilie jumla. Ayapange makosa yake: yapi yametokana na kutojua kanuni, yapi na pupa, yapi na muda kumwishia? Kila fungu lina dawa yake, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kukata tamaa.

Lakini wauza hofu hawakuianza kazi hii. Walikuta shamba limekwisha kulimwa. Ni sisi walimu tuliowazoesha vijana, tangu darasa la saba, kwamba namba moja ya siku moja ndiyo thamani ya mtu. Wamefika chuo kikuu na woga uleule. Ajabu ni kwamba ETS yenyewe inavitahadharisha vyuo visimkatae mwombaji kwa kigezo cha alama za GRE peke yake, na idara nyingi za Marekani zimekwisha kuuondoa mtihani huo katika masharti ya udahili. Iweje sisi tuwe wakali kuliko wenye mtihani?

Ada ya GRE inazidi dola 200. Kwa familia zetu hiyo si fedha ya kuchezea, na ndiyo sababu jaribio la mazoezi linastahili kusomwa kwa makini: likuoneshe cha kujifunza kabla ya kulipa. Kijana wangu nimemwomba aniletee karatasi ya makosa yake. Hiyo 148 aiache nyumbani.