Je, Mzee Aache Kuinua Mizigo?



Katika ukurasa huu wa afya mambo ya watoto na akina mama huzungumzwa mara nyingi. Mwezi huu tungependa kuwageukia wazee wetu, na swali linaloleta ubishi katika familia nyingi za Karatu na Ngorongoro: mtu aliyezoea kuinua mizigo mizito maisha yake yote, akishapita miaka 55 au 60, aendelee au aache?

Kila mwaka mavuno ya mahindi yanapoanza, sisi wauguzi tunawaona. Wanakuja wameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bega la mtoto. Ukiwauliza, utaambiwa ni gunia. Gunia la mahindi la kilo 100 linajulikana na kila mtu hapa, na ile lumbesa ya vitunguu vya Mang'ola inajulikana zaidi. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi kuhusu lumbesa, kwa sababu inampunja mkulima. Sisi tungeongeza kwamba inampunja pia mpakiaji, maana bei hupangwa kwa gunia, bali mgongo hauhesabu magunia, unahesabu kilo. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanaume mzima mmoja usizidi kilo 55. Tazameni lori lolote likipakiwa siku ya mnada, halafu mfanye hesabu wenyewe.

Kutokana na hayo, watoto wengi walioko Arusha au Dar es Salaam wamefikia uamuzi. Wakija likizo wanamwambia baba, “Mzee, kuanzia leo usiguse kitu.” Wanamnunulia kiti kizuri na kumwekea redio. Tunajua wanafanya kwa upendo. Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba amri hiyo inamdhuru mzee karibu sawa na gunia lenyewe, ila inamdhuru polepole na bila kelele.

Sababu yake ni hii. Tangu miaka ya 30 hivi, nyama za mwili, yaani misuli, huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 upungufu huo huenda kwa kasi zaidi. Mifupa nayo hupungua uzito, hasa kwa akina mama baada ya hedhi kukoma. Msuli usiotumika hupungua haraka zaidi kuliko unaotumika. Mzee aliyekatazwa kuinua chochote, baada ya mwaka mmoja anashindwa kunyanyuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Mwaka unaofuata anaogopa kwenda chooni usiku. Halafu anaanguka, nyonga inavunjika, na hapo ndipo tunapokutana naye, amelala juu ya godoro nyuma ya pikapu kutoka kijiji cha mbali. Wengi waliovunjika nyonga uzeeni hawarudi tena kutembea kama zamani.

Kuinua kitu kutoka chini ni kazi ya mwili mzima: miguu, makalio, mgongo, tumbo na viganja. Ni kazi ile ile ya kumwokota mjukuu aliyelala mkekani, ya kutoa ndoo kisimani, na ya mtu kujiinua mwenyewe akianguka shambani. Mtu akiipoteza nguvu hiyo, atategemea watu katika kila jambo. Kutembea ni kuzuri sana, na wazee wa Kimasai wanaopanda na kushuka milima ya Ngorongoro ni ushahidi wa kutosha, lakini kutembea peke yake hakutunzi nguvu za mgongo na mikono.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kizungu. Basi tuwape habari za huko huko wazione. Mwaka 1990 waganga wa mji wa Boston, Marekani, walichukua wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya uzito ya miguu, wakiwa wamekaa. Baada ya wiki 8, wale waliomaliza walikuwa na nguvu za miguu zaidi ya mara mbili ya mwanzo, na wawili waliacha fimbo zao. Walipoacha mazoezi, nguvu zilianza kupungua ndani ya wiki 4 tu. Na mwaka 2018 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya akina mama 101 ambao hedhi ilikwisha kukoma na mifupa yao ilikuwa imepungua uzito. Nusu yao waliinua chuma kizito kutoka sakafuni, pamoja na mazoezi mengine machache, mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi 8. Mifupa ya kiuno chao iliongezeka uzito kwa karibu asilimia 3, wakati ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua kwa zaidi ya asilimia 1. Aliyeumia alikuwa mmoja tu, tena kidogo, maumivu ya mgongo.

Hapo tuwe waangalifu. Akina mama wale walipimwa kwanza, walianza na uzito mdogo sana, na kila siku alikuwapo mwalimu wa kuwatazama. Nani anamtazama bibi wa Endabash akijitwisha ndoo ya lita 20? Ndoo hiyo ni kilo 20 kamili, na yeye huenda mara tatu au nne kwa siku, siku saba kwa wiki, bila kupumzika hata akiwa na homa. Hayo si mazoezi. Mazoezi yana kipimo na yana siku za kupumzika. Twasikitika kuona kwamba ubishi huu katika familia huwa ni juu ya baba na magunia yake, wakati mama, ambaye ameinua maji na kuni tangu ana miaka 8, hakuna anayemwambia aketi. Akina mama waliozaa mara nyingi na kuinua mizito huja kwetu kizazi kikiwa kimeshuka, na wengi wao wamelificha jambo hilo kwa miaka kwa aibu. Mama mpendwa, hakuna aibu hapo, kuna tiba. Njoo.

Jambo kubwa, kwa maoni yetu, ni kujiuliza: ninainua kwa sababu gani? Kijana anainua apate fedha, au aonekane. Yuko pia yule bwana wa miaka 52, dereva wa watalii, anayekaa kwenye gari siku tano akirushwa na barabara za hifadhi, na Jumamosi anakwenda kunyanyua vyuma pamoja na vijana wa miaka 25. Siku hizi vyumba vya mazoezi vimefika hadi miji midogo, na pasipo na chumba vijana wanatengeneza wenyewe kwa kumimina zege kwenye makopo mawili na kuunganisha kwa bomba. Hatuna ugomvi na bwana huyu kwa kunyanyua. Tunagombana naye kwa kutaka kuweka uzito ule ule aliouweka alipokuwa na miaka 30, eti asichekwe. Lengo lake la zamani lilikuwa kuinua kingi kuliko mwenzake. Lengo la sasa liwe kuweza kuinua mpaka afike miaka 80. Malengo hayo mawili hayana kipimo kimoja cha chuma.

Jirani zetu Wamasai wanalielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Morani akipita sherehe ya Eunoto anaanza safari ya kuwa mzee, na kazi zake hubadilika. Hakuna anayemcheka kwamba ameshindwa, rika limesogea. Na kwa mizigo mizito wana punda, mnyama ambaye sisi wa upande wa Karatu tunaye pia, ila wapo wenye punda zizini na bibi yao bado anabeba dumu kichwani.

Basi tuseme wazi tunavyoona. Gunia la kilo 100 asiliinue mtu mmoja, awe kijana au mzee, na aliyepita miaka 55 asiwe hata wa pili katika kulibeba. Ligawanywe katika mifuko midogo, au lipande mkokoteni. Lakini mzee huyo huyo, akiwa hana ugonjwa wa kumzuia, ainue vitu vya kadiri kutoka chini, kwa makusudi, mara 2 au 3 kwa wiki, mpaka uzeeni kabisa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye kazi za kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi ya kujimudu wasianguke angalau siku 3.

Namna ya kuanza si ngumu. Chukua dumu la lita 5 lililojaa maji na uliweke juu ya kigoda, si chini kabisa. Simama karibu nalo mpaka liwe katikati ya nyayo zako, miguu imeachana kwa upana wa nyonga. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unataka kufunga mlango kwa makalio, magoti yakunjike kidogo, mgongo ubaki umenyooka. Shika, kaza tumbo, simama huku ukitoa pumzi. Kisha lirudishe ulivyolichukua. Mara 5 hadi 8, pumzika, rudia mara 2 zaidi. Baada ya wiki kadhaa, ukiona ni rahisi, toa kigoda uweke tofali, mwisho uliinue kutoka chini. Ndipo uende kwenye dumu la lita 10. Wengine watafika lita 20, wengine hawatafika, na haidhuru.

Dumu likae karibu na mwili. Mwenye kuchimba mashimo anajua mtaimbo mrefu unavyong'oa jiwe kubwa kwa nguvu kidogo. Mzigo ulioshikwa mbali na mwili hufanya hivyo hivyo kwa pingili za kiuno chako. Usijipinde ukiwa umeshika mzigo. Geuza miguu kwanza. Asubuhi ukitoka tu kitandani mgongo huwa mgumu, kwa hiyo subiri kidogo, tembea, ndipo uanze.

Habari ya kutoa pumzi tumeitaja upesi, lakini ina uzito wake. Mwaka 1985 waganga wa Kanada walipima shinikizo la damu ndani ya mishipa ya vijana 5 wenye kujenga misuli, wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250. Hao ni vijana wenye afya, na ilikuwa kwa muda mfupi tu. Mzee mwenye presha isiyotibiwa, akibana pumzi na kukakamaa, anajitafutia kiharusi. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pima presha. Zahanati zinapima, na haichukui muda.

Wapo wasiopaswa kuanza mpaka waonwe na daktari: mwenye ngiri, mama ambaye kizazi kimeshuka, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, na mtu aliyeanza kupungua urefu na kupinda mgongo. Kwa huyu wa mwisho, pingili zake huenda zimebonyea. Maumivu ya kawaida ya misuli huisha ndani ya siku mbili tatu. Lakini maumivu yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi yatazamwe. Na mtu akiumwa mgongo, kisha miguu ikalegea, au sehemu za siri zikafa ganzi, au akashindwa kuzuia au kutoa mkojo, asisubiri kukuche, wala asikandwe kwa maji moto. Aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja tulitaje kuhusu chakula, kwani msuli haujengwi kwa maji ya dumu. Katika nyumba nyingi nyama na maziwa huenda kwa vijana “wanaofanya kazi”, na babu anapewa chai na ugali kidogo. Mzee anahitaji maharage, mbaazi, maziwa na mayai kama kijana, na pengine zaidi, kwa sababu mwili wake unakitumia chakula hicho kwa shida. Wilaya yetu inalima mbaazi kwa wingi na kuziuza karibu zote. Bakini na debe moja.

Kwa wale watoto wenye kiti na redio, tunawaomba hivi. Mkija likizo ijayo, magunia yabebeni ninyi, tena kwa kusaidiana wawili wawili. Rekebisheni kisima kiwe na jukwaa la kuwekea ndoo, ili mama asiinue kutoka matopeni. Kisha mpeni mzee dumu lake la lita 5, na mkae naye mtazame kama mgongo umenyooka. Redio anaweza kuisikiliza huku akiinua.