OILI SI OILI TU: MASHINE NAMBA 2 HAIKUUAWA NA VIJANA

Ndugu wanachama,

Maneno yamekuwa mengi chini ya mwembe, eti sisi vijana wa mashine za salfa "tumeua" mashine namba 2 kwa uzembe, na eti tukatwe posho mpaka pistoni mpya ipatikane. Tumeona tujibu hapa ukutani, kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Mashine ilikwama Jumanne alfajiri, raundi ya pili, mikorosho inatoa maua. Kila mmoja wetu anajua kuwa ubwiri unga hausubiri kikao. Unakaa kwenye maua machanga kama unga wa muhogo, ua likikauka ndiyo basi, korosho hakuna. Na salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umelala na umande ungali majanini. Mashine ikilala siku kumi, mashamba ya watu yamelala siku kumi.

Fundi alipoifungua mbele ya kamati tulikuwepo. Pistoni ina mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi, ringi zimegandana kwa masizi, plagi imejaa majivu. Tunauliza: majivu yale yametoka wapi? Sisi hatukutia majivu. Tulitia kile tulichopewa stoo, nacho kilikuwa oili ya pikipiki. Ilipokaribia kwisha ikaongezewa oili chakavu iliyokwisha kumwagwa kutoka kwenye lori. Hayo hayasemwi chini ya mwembe.

Aliyenunua anajitetea, "Oili ni oili, zote zinateleza." Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Pikipiki nyingi za siku hizi ni fostroki: oili inakaa chini ya injini, inazunguka, ikichakaa unaimwaga. Haikutengenezwa ili iungue, na ndani yake kuna dawa zenye madini kama kalsiamu na zinki. Mashine ya salfa ni tustroki, haina mahali pa kuweka oili. Petroli inapita kwenye krenki ikiwa imebeba oili yake, inalainisha beringi na pistoni, halafu vyote vinaungua pamoja. Yale madini yakiungua yanaacha majivu. Na oili chakavu ni balaa zaidi, maana ina chembe za chuma na masizi ya lori la mwenzako. Jamani, nani kati yetu angempikia mgeni kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki mwezi mzima?

Mwingine akaleta shauri la oili ya boti, kwa kuwa ana shemeji pwani. Hatumdharau, amekaribia. Ile ya TC-W3 ni ya tustroki kweli, ila ni ya injini inayopozwa na maji. Yetu inapozwa na hewa tu, tena iko mgongoni mwa mtu, vumbi tupu, na joto lake ni kubwa. Tunataka chupa iliyoandikwa JASO FC au FD. Rangi ya bluu au nyekundu isikudanganye, inatiwa ili ujue petroli imeshachanganywa. Soma maandishi.

Halafu wapo wale wa "zidisha oili, mashine ishibe". Hawa ndio wagumu kuwaelewesha, kwa sababu wanaitakia mashine mema. Lakini oili ikizidi, petroli ndani ya mchanganyiko inapungua na hewa ni ile ile. Mashine inaungua kikavu, joto linapanda, masizi yanaziba ekzosi. Ikipungua nayo, chuma kinasaga chuma. Kijitabu cha mashine zetu, ambacho kimefungiwa kabatini tangu zije, kinasema oili 1 kwa petroli 25. Yaani lita moja ya petroli, oili ml 40. Dumu la lita 5, ml 200. Bomba la sindano la mifugo la ml 20 linatosha kupimia: mivuto miwili kwa kila lita. Chupa ya nusu lita inachanganya lita 12 na nusu. Mashine nyingine ni 1 kwa 50, kwa hiyo msitupimie kwa kipimo cha msumeno wa jirani.

Kosa letu tunalo na tunalisema. Mmoja wetu alikuwa akipima kwa jicho, na mara nyingine tulimimina oili moja kwa moja kwenye tangi la mashine. Tumeacha. Sasa tunachanganya kwenye dumu: nusu ya petroli kwanza, kisha oili, tunatikisa, tunamalizia petroli, tunatikisa tena. Kila kabla ya kujaza tangi dumu linatikiswa, na mchanganyiko wa msimu uliopita hatuutumii.

Lakini kutikisa dumu hakugeuzi oili ya lori kuwa oili ya tustroki. Kwa hiyo hatukubali kukatwa posho. Tunataka kijitabu kitoke kabatini kitundikwe stoo, na anayekwenda kununua oili aongozane na mmoja wa wabeba mashine. Raundi ya tatu iko karibu, na mashine namba 1 inakunywa kutoka dumu lile lile la stoo.

Kikao ni Jumamosi saa nane mchana. Pistoni tutakuja nayo, ataishika kila anayetaka.

Sisi vijana wa mashine za salfa