Nyimbo za Ziwa na Wenye Kuzijua

Mtu wa pwani akipanda basi mpaka Eldoret, kisha akashika njia ya kaskazini mpaka kituo kiitwacho Ziwa, hukuta jambo la kumchekesha: ameiacha bahari mbali sana, na jina la mahali bado ni la kwao. Jina ni Kiswahili, lakini maamkizi ni "chamgei", na mashamba yaliyouzunguka mji ni ya mahindi na ngano. Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, la tano katika Kenya, na tangu hapo mazungumzo ni ya barabara, viwanja na kodi. Hayo yana mahali pake. Lakini jiji likipanuka humeza vijiji, na vijiji vya huko vina nyimbo ambazo hazikupata kuandikwa na mtu.

Kwanza tuondoe kosa tulifanyalo sisi wa pwani, la kusema "ngoma ya Wakalenjin" kana kwamba ni moja. Jina hilo Kalenjin, maana yake "nawaambia", lilienea katika miaka ya 1940 tu. Chini yake wamo Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Wamarakwet, Watugen, Wapokot, Wasabaot na wengine, kila watu na lafudhi yao na mwimbo wao. Ni kama mgeni aje achukue vugo, kirumbizi na gungu, avitie kapu moja aseme hiyo ndiyo ngoma ya Waswahili. Nani kati yetu angekubali?

Muziki wa watu hawa asili yake ni koo la binadamu kuliko ngozi ya ngoma. Mmoja huanzisha, wenziwe wakapokea, miguu ikarukaruka na njuga zikaitika. Chombo chao kitukufu ni kinanda cha nyuzi, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, ambacho Wanandi na Wakipsigis hukiita kibugandet. Kikapatwa na yaliyoupata gambusi wetu: udi ulipoingia, gambusi ukarudi nyuma, na huko juu gita lilipoingia, kibugandet kikatundikwa ukutani. Hata hivyo hakikufa chote. Msikilize marehemu Kipchamba arap Tapotuk, aliyevuma kwa gita lake katika miaka ya 1970: kwa sikio langu, vidole vile vinazungumza lugha ya kibugandet.

Na kuna kisa ambacho kila mpenda utenzi apaswa kukijua. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika kwa Wakipsigis na mitambo yake. Wasichana wakamwimbia wimbo wa kiumbe nusu mtu nusu swala, aitwaye Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri za wageni. Wasichana wakalichukua jina, wakalitia kinywani mwao, likatoka Kikipsigis safi. Hapo ndipo ninapowacheka wale wasemao kwamba mila ni kitu kisichoguswa na ugeni. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na taarabu haikupungua Uswahili kwa safari ile.

Lakini tazama upande wa pili. Wimbo ule ulihifadhiwa Afrika Kusini, ukasikilizwa na wataalamu wa ulimwengu, na wenyewe hawana hata sahani moja. Mwaka 2015 ndipo maktaba yenye kanda hizo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirudisha kwa Wakipsigis. Miaka 65! Waliokuwa watoto walikuwa wazee, na wengi wa walioimba wameshakwenda mbele ya haki.

Leo nyimbo zinasikika wapi? Ukiwa katika uwanja wa ndege wa Eldoret siku anaporudi mkimbiaji na medali yake, utawaona akina mama wakiimba, wakimpa maziwa ya mursik kwa kibuyu na kumvika utepe wa mmea wa sinendet. Ni jambo zuri, nami sina neno nalo. Utazisikia pia katika koito, yaani shughuli ya posa, ingawa huko sasa kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti anayewakata bibi zetu kabla hawajafika beti ya tatu. Na utazisikia katika mikutano ya siasa. Hapo mimi nina neno. Wimbo wa sifa za rika na ushujaa wa vita ukitolewa mahali pake ukapelekwa jukwaani kumsifu mgombea, hauhesabu tena ng'ombe wala mashujaa wa kale. Unahesabu nani wetu na nani si wetu. Uwanda huu ulimwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Anayechezea nyimbo hapo achunge.

Liko na jambo zito zaidi, ambalo vikao vya utamaduni hulikwepa kwa haya. Nyimbo nyingi za wasichana zilifungamana na ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku nchi nzima, na haki imetendeka. Lakini mafunzo ya nyumba, ya heshima na ya kuishi na mawifi, yaliyokuwa ndani ya nyimbo hizo, yameondoka na kisu. Kisu kiende, mafunzo yangeweza kubaki. Sisi tunaojua unyago tunafahamu kwamba somo haliko katika kidonda.

Za wavulana ni kinyume chake: rika bado lina nguvu, na Desemba shule zikifungwa wengi huingia jandoni. Nyimbo za huko ni siri. Basi zibaki siri. Si kila kitu ni cha kunaswa kwa simu na kurushwa hewani, na mwenye nyimbo akisema hapana, hiyo pia ni hifadhi.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti shughuli za utamaduni, na mwaka 2016 ikaja sheria ya kulinda ujuzi na sanaa za jadi. UNESCO nayo imeziandika mila za kaya za Wamijikenda mwaka 2009, isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014, na sherehe za rika za Wamaasai mwaka 2018, zote katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Sheria, basi, zipo. Upungufu ni wa mtu wa kwenda Ziwa akakaa chini na wazee, akawauliza lipi la kuandikwa na lipi la kuachwa, kisha akaacha nakala pale pale shuleni na si Nairobi peke yake. Fedha za mahema na vipaza sauti vya sherehe moja zingeweza kuwalipa bibi kadhaa wakae na watoto msimu mzima, nao waimbe mpaka beti ya mwisho.