Robo Saa ya Mwisho ni Haki ya Mashine

Ndugu wafanyakazi wa Songea, leo twataka kusema juu ya jambo lisilosemwa mara nyingi katika mikutano yetu, kwa kuwa halina ngoma wala vigelegele. Jambo lenyewe ni usafi wa mashine. Hatusemi juu ya kufagia sakafu ya karakana, ijapokuwa nako ni kuzuri. Twasema juu ya makerezo makubwa ya kukereza vyuma, na mashine za kuchonga na kutoboa chuma, ambazo kazi yake ni kutengeneza vipande vya mashine nyingine. Kinu cha kusaga mahindi kikivunjika shafti, trekta likikatika pini, lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka likila bushi, wote hukimbilia kwenye kerezo. Je, kerezo nalo likiharibika, litakimbilia wapi?

Hapa kwetu swali hilo ni zito kuliko lilivyo Dar es Salaam. Tuko zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini, na stesheni ya reli tunayoitegemea ni Makambako, mwendo wa yapata kilomita 300. Miaka mingi tulitumia umeme wa jenereta za dizeli, na mashine zilipumzika kwa lazima kila jenereta ilipozimwa. Mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea. Tulifurahi, na ilitupasa kufurahi. Lakini wachache walikumbuka kwamba mashine inayoweza kufanya kazi kutwa nzima huweza pia kuchakaa kutwa nzima.

Hivi karibuni tuliingia katika karakana moja mjini, ambayo jina lake tutalihifadhi, maana nia yetu si kumfedhehesha mtu. Tulikuta kerezo refu kuliko watu wawili waliolala kwa kufuatana. Juu ya kitako chake, yaani ile njia ndefu ya chuma ambayo mafundi huiita bedi, palilazwa tupa, nyundo, spana mbili na kikombe cha chai. Chini ya taya za kushikia chuma, nyuzi za chuma zilikuwa zimerundikana kama kiota cha kunguru. Saa ya kufunga ilipofika, kijana mmoja alichukua mpira wa kompresa akapuliza kila mahali. Kwa dakika mbili kazi ikawa imekwisha, na kwa macho ya mgeni mashine ilikuwa safi kabisa.

Kwa hakika haikuwa safi. Upepo ule haukuondoa uchafu, bali uliuhamisha. Chembe za chuma zilisukumwa chini ya kigari kinachobeba kisu, zikaingia katika skrubu ndefu na katika beringi. Asubuhi yake kigari kilipotembea kilizikanyaga, nazo zikaikwangua bedi kama msasa. Wasiojua watasema mikwaruzo hiyo haionekani. Unywele wa binadamu una unene wa yapata sehemu 5 hadi 8 za mia ya milimita, na fundi mzuri wa kerezo hupima kazi yake kwa sehemu moja ya mia. Kwa hiyo uchakavu mwembamba kuliko unywele watosha kuiharibu kazi.

Tena bedi haichakai sawasawa. Huchakaa zaidi karibu na zile taya, kwa kuwa kazi fupi fupi nyingi hufanywa hapo. Basi shafti ndefu ikikerezwa hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Fundi hulaumiwa kwamba hajui kazi. Mwenye kinu huifunga shafti hiyo hivyo hivyo, beringi hupata moto na kuungua baada ya wiki chache, na mama aliyejitwisha debe lake la mahindi hurudi nalo nyumbani bila unga. Huyo mama hajapata kuliona kerezo maishani mwake, lakini ndiye anayelipa.

Sasa namna ya kulisafisha ni ipi? Kwanza mashine izimwe kwenye swichi kubwa, siyo kusimamishwa tu, maana mkono mmoja ukigusa mpini kwa bahati mbaya, mkono mwingine hupotea. Nyuzi za chuma ziondolewe kwa brashi na kulabu. Zisishikwe kwa vidole vitupu, kwani hukata kama wembe. Wala tambara lisisogezwe karibu na kitu kinachozunguka. Kisha bedi ifutwe kwa tambara kavu, ipakwe mafuta mapya, na kigari kisukumwe toka mwanzo hadi mwisho ili mafuta yaenee. Fundi atazame kile kioo kidogo kinachoonyesha kiasi cha mafuta ya gia. Hayo yote hayazidi robo saa.

Yako mengine ambayo ni ya kila wiki au kila mwezi. Maji ya kupoozea kisu yakianza kunuka, ujue vijidudu vimeota ndani yake, nayo ni sababu mojawapo ya vipele katika mikono ya mafundi. Mafuta yanayoelea juu yaenguliwe, tangi lioshwe, maji yabadilishwe. Jiwe la kunolea lisiwekwe jirani na kerezo, kwa kuwa vumbi lake ni kali kuliko mchanga. Anayetumia msasa juu ya kazi inayozunguka aifunike bedi kwanza. Na wale wanaokereza miguu ya vitanda vya mbao kwenye kerezo la chuma (tumewaona!) wajue kwamba unga wa mbao hunywa mafuta yote na kushika unyevu. Katika miezi yetu ya mvua, toka Novemba hadi Aprili, chuma kizito hubaki na ubaridi wa usiku hata hewa inapopata joto, kisha hutoka jasho. Bedi isiyo na mafuta hushika kutu kabla ya saa ya chai.

Twajua wakubwa wa karakana watasema: haya ndiyo tuliyokuwa tukisema, wafanyakazi ni wazembe. Wasifurahi mapema. Tulimwuliza kijana yule kwa nini anapuliza badala ya kufagia. Alijibu bila kuficha kwamba brashi haipo, mafuta ya kupaka hayajanunuliwa kwa miezi kadhaa, na muda wa kusafisha hauhesabiwi kuwa ni kazi; anayebaki hubaki kwa hiari yake na hukosa usafiri wa kurudi kwao. Mtu kama huyo tutamhukumu kwa sheria gani?

Sheria iliyopo ni ya mwaka 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo yaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Sisi twaona kwamba kusafisha mashine ni kazi kama kukereza. Ama ifanywe ndani ya saa hizo, ama ilipwe. Robo saa kwa siku sita ni saa moja na nusu kwa wiki. Mwajiri anayeona hiyo ni hasara afanye hesabu ya kusafirisha gia moja toka Dar es Salaam, na ya siku ambazo karakana itakaa kimya akiingojea.

Lakini na sisi wafanyakazi tusijifiche nyuma ya brashi. Wako vijana ambao kila asubuhi hufuta pikipiki zao hadi zikang'aa, kisha huingia kazini na kugonga nyundo juu ya bedi ya kerezo, eti kwa kuwa kerezo ni la tajiri au la serikali. Mafundi wazee waliojifunza ufundi katika karakana za Peramiho hawana haja ya kuambiwa haya. Vijana wa sasa wapate fundisho hilo hilo VETA, na mtihani wao usiishie kwenye kipande walichokereza. Mwalimu aitazame na mashine waliyoiacha nyuma.

Nchi yetu iliwahi kutaka kujitengenezea makerezo yenyewe. Huko Hai, kwa msaada wa Bulgaria, kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools. Huko Mang'ula, karakana zilizobaki baada ya ujenzi wa reli ya TAZARA ziligeuzwa kuwa kiwanda cha namna hiyo. Vyote viwili vilipitia miaka mirefu ya kulala. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba havikulazwa na uchafu. Vipuri, fedha za kigeni na soko ndivyo vilivyokuwa shida. Hata hivyo mashine iliyosimama haiachi kuharibika. Yahitaji kupakwa mafuta mazito, kufunikwa kwa turubai lisilozuia hewa, na kuzungushwa kwa mkono mara kwa mara ili beringi zisigande. Mjini kwetu zipo mashine zilizosimama ambazo hakuna aliyezigusa tangu siku zilipozimwa, na zinahesabiwa bado kuwa ni mali.

Twashauri basi kila mashine kubwa ibandikwe ubao, na juu yake liandikwe jina la fundi mwenye dhamana, tarehe ya kubadilisha mafuta, na jina la mkubwa anayewajibika kuyanunua. Majina yote mawili yaandikwe kwa herufi za ukubwa mmoja. Kengele ya kusafisha ilie robo saa kabla ya kengele ya kutoka. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi walipeleke jambo hili kwa waajiri sasa, mvua za Novemba zikute mbao hizo zimekwisha kubandikwa na mafuta yapo stoo.